Herufi A na kidole cha mwisho: nilivyochagua kibodi

Hakuna kidole kinachoonewa na Kiswahili kama kile cha mwisho cha mkono wa kushoto. Ndicho kilichopewa herufi A, na A ndiyo inayotubebea lugha. Andika "Mahakama ya Rufani ya Tanzania" kisha uhesabu: herufi 26, na 10 kati ya hizo ni A. Wa, ya, na, la, kwa, za, baada, saa, habari, maana, hakuna sentensi inayokatiza mbali bila kukutana nayo. Waingereza nao wana herufi yao inayoongoza, E, lakini kwenye kibodi hii tunayoitumia wengi wetu E imewekwa kwa kidole cha kati, kidole kirefu chenye nguvu. Sisi yetu imeangukia kwenye kidole kifupi na dhaifu kuliko wenzake wote.

Nimeishi kwa kuchapa. Nafasiri na kuhariri: hukumu, mikataba, miongozo ya afya, vitabu vya shule. Kazi hiyo ni nzuri na naipenda, ila inakula mikono. Maumivu yalipoanza kupanda kutoka ukingo wa kiganja cha kushoto hadi karibu na kiwiko, nilianza kusoma kila nilichokipata kuhusu kibodi za kuhifadhi mikono. Karibu yote yameandikwa na watu wanaochapa Kiingereza au wanaotengeneza programu za kompyuta. Wanayoyasema kuhusu mifupa na misuli ni ya kweli kwa kila mwenye mikono. Kuhusu herufi, hawatuzungumzii sisi, na hapo ndipo nilipolazimika kufikiri upya.

Kwanza mwili. Kaa, shusha mabega, kisha inua mikono mbele yako kama mtu anayepokea mtoto. Utaona viganja vinatazamana na vidole gumba viko juu. Hivyo ndivyo mkono unavyokaa ukiachiwa. Sasa uweke kwenye kibodi bapa ya kawaida, na mambo matatu yanatokea kwa mpigo. Viganja vinageuzwa vitazame chini, kwa hiyo ile mifupa miwili iliyo kati ya kiwiko na kifundo cha mkono inapishana na misuli inakaa imejisokota muda wote. Pili, mikono inaingizwa ndani. Vitufe vya F na J, vile vyenye kialama cha kupapasa, vinatengana sentimita sita tu, ilhali mabega ya mtu mzima yanatengana zaidi ya mara tano ya hapo. Ili vidole vikae sawasawa, viganja vinapinda kuelekea nje pale kwenye kifundo. Tatu, ukiisimamisha kibodi kwa vile vijiguu vyake vya nyuma, kifundo kinapinda kwenda juu.

Hicho kifundo kina njia nyembamba mno. Ndani ya handaki lililozungushiwa mifupa midogo upande mmoja na ukanda mgumu upande mwingine hupita kano tisa zinazovuta vidole, na katikati yake mshipa mmoja wa fahamu. Kifundo kikipinda, nafasi inapungua na mshipa unabanwa. Ukibanwa mara kwa mara, ganzi huja kwenye gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Kidole cha mwisho hakimo. Hicho kinahudumiwa na mshipa mwingine unaopita nyuma ya kiwiko, palepale unapojigonga ukasikia shoti, na mara nyingi hulalamika kwa sababu mtu anaegemeza kiwiko mezani au anakaa amekikunja saa nyingi. Nalirefusha hili kwa makusudi. Ukijua ni vidole gani vinakufa ganzi, unajua pa kuanzia, na mtu wa fiziotherapia atakuuliza hilohilo kabla ya kukugusa. Kama ganzi inakuamsha usiku, au vitu vinakuponyoka mkononi, nenda hospitali kwanza. Kibodi haitibu. Inachoweza ni kuacha kuumiza.

Maumivu yangu yalikuwa ya upande wa kidole cha mwisho, na hayakuwa ganzi. Ilikuwa ni uchovu wa misuli inayokiinua na kukishusha, pamoja na kule kupinda nje nilikokueleza. Kwa hiyo nilihitaji vitu viwili: mikono itengane, na kidole hicho kipunguziwe mzigo.

Kabla ya kutoa hata shilingi kuna mambo ambayo ningemsihi kila mtu ayafanye leo. Kunja vile vijiguu vya nyuma. Vinasaidia kuona maandishi ya vitufe, na anayeijua kibodi hahitaji kuyaona. Kisha angalia meza. Meza nyingi tunazofanyia kazi nyumbani ni za chakula, za urefu wa sentimita 75 hivi, na zinamlazimisha mtu wa kimo cha kawaida apandishe mabega. Panda juu kwa mto au kiti kirefu mpaka kiwiko kiwe sawa na vitufe au juu yake kidogo, halafu weka kistuli miguuni ili mapaja yasining'inie. Na ule upande wa namba, kulia mwa kibodi: kama si mhasibu, unaubeba bure. Unakula karibu sentimita tisa na kukisukuma kipanya mbali, kiasi kwamba bega la kulia linafanya kazi ya kukifuata siku nzima. Kibodi isiyo na namba inarudisha kipanya karibu, na hiyo ndiyo nafuu ya bei rahisi kuliko zote ninazozijua.

Kuna steshenari moja karibu na chuo ambako huwa napeleka kazi za kudurufu. Dada anayechapa pale huchapa ripoti za wanafunzi kuanzia asubuhi hadi taa zinawashwa, akiwa amesimama nusu, amekaa nusu, kwenye stuli isiyofika kaunta. Kibodi yake imesimamishwa kwa vijiguu. Herufi zake zote zinasomeka isipokuwa chache, na A haipo kabisa. Pamebaki doa linalong'aa, na upande wake wa kushoto plastiki imelika ikafanya kibonde kidogo, pale ukucha unapotua.

"Dada, mkono unaendeleaje?" nilimuuliza siku moja nilipomwona anaukung'uta.

"Kaka, usiku unakufa ganzi mpaka naamka naukung'uta hivi, ndiyo unarudi."

Nikamuuliza ni vidole gani. Akashika gumba, shahada na cha kati. Ule mshipa wa kwenye handaki, na mkono uliopinda juu kutwa nzima kwenye kaunta ndefu. Nikamwomba aende kupimwa, akaenda. Nikamwambia pia akunje vijiguu, na tukatafuta kiti kirefu. Halafu nikamweleza ujanja ambao hauhitaji kuagiza chochote ng'ambo: chukua kibodi mbili ndogo za bei ya chini, zichomeke zote kwenye kompyuta moja, mkono wa kushoto uchape kwenye hii na wa kulia kwenye ile. Kompyuta za Windows na Linux zinazipokea zote kwa pamoja, hata ukibonyeza Shift kwenye moja na herufi kwenye nyingine. Kwenye Mac Shift haivuki kutoka kibodi moja kwenda nyingine bila kuongeza programu. Kila kibodi unaitenga na mwenzake kwa upana wa mabega na kuigeuza kidogo ifuate mkono unavyotoka. Inaonekana kituko mezani, lakini vifundo vinanyooka papo hapo. Wapiga chapa wetu wa steshenari, makarani wa mahakama, waandishi wa vyumba vya habari, hawa ndio wanaochapa kuliko mtu yeyote nchini, na ndio wa mwisho kuambiwa kwamba mkono unaweza kulindwa. Linaniuma.

Tukija kwenye kibodi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, ni vizuri kujua kwamba umbo tunaloliona la kawaida halikutokana na mkono wa mtu. Christopher Latham Sholes na wenzake walipata hataza ya mashine yao ya kuchapa mwaka 1868 huko Milwaukee, Marekani, na kampuni ya Remington ikaanza kuiuza mwaka 1874. Safu za vitufe zilipishanishwa kwa sababu chini ya kila kitufe palikuwa na mkono wa chuma, na mikono hiyo ilihitaji kupita bila kugongana. Mikono ya chuma imeondoka zamani. Upishanaji umebaki, na vidole vyetu bado vinakwenda mshazari kwa ajili ya mashine ambayo haipo.

Hatua ya kwanza ya kutoka hapo ni kibodi ya kipande kimoja iliyopinda, yenye mgongo katikati. Microsoft waliitoa ya namna hiyo mwaka 1994 na ikawafungua macho wengi. Siku hizi Logitech Ergo K860 ndiyo inayotajwa sana; ilipotoka mwaka 2020 iliuzwa takriban dola 130. Anayetoka kwenye kibodi bapa huizoea haraka. Tatizo lake ni kwamba mtengano umeshaamuliwa kiwandani: mwenye mabega mapana na mwenye mabega membamba wote wanapewa kilekile. Tena upande wa namba bado upo.

Ya pili ni iliyokatwa vipande viwili kweli, kama Kinesis Freestyle2. Unatenganisha unavyotaka na, kwa vishikizo vya kununua kando, unainua kingo za ndani ili viganja vianze kutazamana. Mwinuko huo ndio niliouona una faida kubwa kuliko watu wanavyodhani. Hauhitaji vishikizo vya kiwandani. Fundi seremala wa Keko alinichongea kabari mbili za mbao kwa vipimo nilivyompelekea, nikazibandika raba chini zisiteleze, na zinafanya kazi hadi leo.

Ya tatu ndiyo iliyonishika. Ni kibodi ambazo vitufe vimepangwa kwa safu wima zilizonyooka, kila kidole na njia yake, na gumba limepewa vitufe kadhaa badala ya kugongea nafasi peke yake. Kinesis wamekuwa wakitengeneza ya namna hii, yenye vitufe vilivyochimbiwa kama bakuli, tangu mwaka 1992. Baadaye ikaja ErgoDox, Moonlander ya kampuni ya ZSA, na ndogo iitwayo Corne yenye vitufe 42, ambayo mchoro wake uko wazi kwa yeyote kuutengeneza.

Kabla yao wote walikuwapo Lillian Malt na Stephen Hobday wa Uingereza, waliobuni Maltron miaka ya 1970. Malt alikuwa mkufunzi wa kuchapa, na aliona kwamba vidole viwili vyenye nguvu kuliko vyote, yaani gumba na gumba, vinashirikiana kitufe kimoja kirefu. Basi katika mpangilio wake herufi E, ile inayobeba Kiingereza, akaihamishia kwenye gumba la kushoto.

Niliposoma hilo nilisimama. Maana nilikuwa nimeshahangaika na mipangilio mingine inayosifiwa kwa kupunguza uchovu. Dvorak ilipewa hataza mwaka 1936, Colemak ilitoka mwaka 2006, na zote mbili zimepangua herufi nyingi kwa kufuata Kiingereza. A zimeiacha palepale, kwenye kidole cha mwisho cha kushoto. Kwa Kiingereza si kosa, A yao si nyingi kama yetu. Kwa mchapaji wa Kiswahili, mtu anajifunza upya kwa miezi kisha mzigo mkubwa unabaki ulipokuwa. Sikuona sababu ya kuhama nyumba nzima wakati kinachovuja ni chumba kimoja. Kilichonipasa ni kumwiga Malt: A iende kwenye gumba.

Tazama jinsi lugha yetu inavyoafikiana na jambo hilo. Silabi zetu nyingi ni konsonanti moja na irabu moja. Konsonanti inapigwa na kidole, A inapigwa na gumba, na gumba halizuii kidole chochote. Kwenye kibodi ya kawaida silabi "wa" inapigwa na kidole cha pete kikifuatwa na cha mwisho, vidole viwili ambavyo kano zao hazipendi kuachana. Jaribu kuinua kidole cha pete peke yake mezani uone. Silabi "sa" hali ni hiyohiyo. Silabi "za" ni mbaya zaidi, kwa sababu kwa utaratibu wa kuchapa kwa vidole kumi Z na A ni za kidole kimoja: kishuke kikunjike, kirudi juu. Neno Tanzania lenyewe lina mkunjo huo katikati. Gumba likichukua A, mikunjo hiyo yote inakwisha.

Ndugu zetu wa Lubumbashi, Goma, Bukavu na Bujumbura wana shida kubwa kuliko yetu. Kibodi zao nyingi ni za Kifaransa, zinazoanza na AZERTY. Huko A iko safu ya juu, kwa hiyo kidole cha mwisho cha kushoto kinapiga na pia kinanyooka. Juu ya hilo M imewekwa kulia mwa L, chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kulia. Fikiria mtu anayechapa mtu, mwana, mama, maji, makamu, mahakama kwa mpangilio huo. Vidole viwili vidogo ndivyo vinavyovuta mkokoteni wote. Kama kuna watu ambao kuhamisha herufi mbili tatu kungewaokoa kesho asubuhi, ni hao.

Na kuhamisha hakuna gharama. Kwenye Windows programu ya bure ya PowerToys ina sehemu ya kubadilisha vitufe. Kwenye kibodi ya kawaida, hata hivyo, gumba halina kitufe cha ziada kinachofikika vizuri isipokuwa Alt, na kukikosa Alt kuna usumbufu wake. Ndiyo maana niliamua kununua yenye vitufe vya gumba, na yenye programu yake ndani, kama zile zinazotumia programu huria ya kibodi iitwayo QMK. Mpangilio unakaa kwenye kibodi yenyewe. Ukiichomeka kwenye kompyuta ya ofisi ya mtu mwingine, A inabaki kwenye gumba bila kusakinisha kitu.

Nilichagua Corne. Moonlander inauzwa zaidi ya dola 300 na Kinesis Advantage360 zaidi ya 400, kabla ya usafirishaji na ushuru, na kwa mfasiri wa kujitegemea hiyo ni kodi ya nyumba ya miezi. Corne niliiagiza China ikiwa imeshaunganishwa, kwa sehemu ndogo ya bei hiyo. Haina safu ya tarakimu. Unabonyeza kitufe kimoja cha gumba na safu ya juu inageuka kuwa namba. Anayechapa majedwali siku nzima asiichukue, atachoka nayo.

Swichi, yaani kile kifaa kidogo kilicho chini ya kila kitufe, ni jambo ambalo watu huzungumza sana na mimi nitalipita upesi, ila kwa pointi moja. Swichi nyekundu ya Cherry MX hushika kwa nguvu ya takriban gramu 45, ikishuka milimita mbili kati ya nne ilizo nazo. Maana yake hakuna haja ya kugonga mpaka chini, na kugonga chini kunachosha vidole. Kibodi nyingi za sasa za namna hii zinaruhusu kuchomoa swichi kwa mkono bila kulehemu, kwa hiyo vitufe vya vidole vya mwisho unaweza kuviwekea nyepesi za gramu 35 na vya gumba ukaacha nzito kidogo. Faida nyingine ya kuchomoa ni hapa kwetu Dar, vumbi na chumvi ya hewa ya pwani: swichi moja ikianza kurudia herufi, unaibadilisha hiyo moja. Epuka tu zile za buluu zinazolia kama unafanya kazi chumba kimoja na watu.

Kuhama kwenyewe kuna uchungu, nisikufiche. Kasi inashuka sana mwanzoni, na gumba linasahau likapiga nafasi pale palipotakiwa A. Usianze wiki ya kukabidhi kazi. Nilichapa kwa kibodi mpya asubuhi kwenye maandishi yangu mwenyewe na kuacha ya zamani ikiwa imechomekwa kwa ajili ya wateja, mpaka siku nilipogundua sijaigusa ya zamani tangu nikae. Nenosiri ndizo zilizochelewa, kwa sababu mkono ulikuwa umezikariri bila akili kushiriki. Maumivu ya ukingo wa kiganja yalipungua kwanza jioni, kisha mchana.

Kilichobaki ni kupanga vizuri ile alama ya ng', ya ng'ombe na kung'ang'ania. Kwenye kibodi za kawaida iko pembeni kulia, na kila neno la namna hiyo linamwita kidole cha mwisho cha kulia atoke nje ya mstari. Nimeiweka mahali pa Q, kwa kuwa Kiswahili hakina kazi nayo, na Q yenyewe nimeipeleka kwenye mpangilio wa pili, unaofunguka kwa kitufe cha gumba kama zile namba, pamoja na X kwa ajili ya majina ya kigeni. Pale A ilipokuwa nimeweka Backspace. Kidole cha mwisho kinakifikia bila kunyooka, na mfasiri hufuta sana.